Tairi la Kudumu

Simu ya saa tisa usiku huwa na habari mbili tu, msiba au tairi. Nilipoona jina la dereva wangu linawaka kwenye kioo nilijua ni tairi, kwa sababu habari za msiba dereva wangu huzitunza mpaka kukuche, ili akiomba ruhusa aombe na nauli papo hapo.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Gari liko Mikese, bosi."

"Na tairi?"

"Tairi bado tunalitafuta. Tuna tochi moja."

Nikakaa kitandani. Mke wangu akageukia ukutani, maana yeye alishazoea. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limepasuka, ganda lote la juu limebanduka na kurukia porini, na kilichobaki kwenye rimu kilikuwa, kwa maelezo ya dereva mwenyewe, "kama kola ya shati". Nikamwambia afunge spea. Kukawa kimya. Kimya cha dereva kinatisha kuliko kelele yoyote ya injini. Alikohoa mara mbili, ndipo akaniambia kwamba spea iko Tabata kwa fundi pancha, imewekwa rehani tangu wiki iliyopita kwa deni la shilingi elfu kumi na tano, ambalo yeye alidhani nimeshalilipa na mimi sikujua kama lipo.

Hiyo Haisi niliinunua kwa kiinua mgongo. Wenzangu waliostaafu pamoja nami walijenga vibanda vya kupangisha, mmoja akafuga kuku. Mimi nikasema hapana, mzigo hauna mafua. Nikachukua Haisi ndefu ya mizigo iliyotoka Japani na kilomita zake nyingi, nikaajiri dereva, nikaanza kuvuta mboga kutoka Mgeta na Morogoro mjini kuja masoko ya Dar es Salaam. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye daftari. Tangu hapo kiinua mgongo changu kimeinua migongo ya watu wengi: muuza matairi, fundi pancha, fundi wa springi, na kijana mmoja wa Chalinze anayekodisha jeki usiku kwa bei ya hoteli.

Tairi la Mikese nililinunua Machi. Tukio lenyewe lilikuwa Julai. Miezi minne! Ndala za plastiki ninazovaa bafuni zina miaka sita na zimewahi kukaa juani. Asubuhi ile niliapa mbele ya kikombe cha chai ya rangi kwamba sitanunua tena tairi, nitatafuta tairi la kudumu, lile ambalo watu wakilitaja wanashusha sauti, na nitalipa litakalotajwa.

Kosa langu la kwanza likawa kusema hivyo mbele ya watu. Katika nchi hii ukitaka ushauri wa ndoa utawapata wazee wawili, wa tatu atasema ana udhuru. Ukitaja tairi, mtaa mzima una shahada. Jirani yangu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli alinisimamisha getini kunieleza kwamba tairi zuri ni lile ukilipiga teke mguu unauma. Muuza duka wa pembeni akasema zuri ni lile linalonuka sana likiwa jipya. Shemeji yangu, aliyekuwa konda wa mabasi ya Arusha ujanani na ambaye tangu wakati huo hajakubali kwamba alikuwa konda tu, alikuja kabisa nyumbani, akala, ndipo akatoa hukumu.

"Shem, matairi yalikwisha pale Arusha walipofunga General Tyre. Haya mengine ni maandazi."

Alisema kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. Na kwa kweli kile kiwanda kilikuwa chetu. Kilianza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mpaka kinasimama mwaka 2009 kulikuwa na wazee waliokuwa wakiitaja bidhaa yake kama wanavyotaja mashamba waliyorithi. Shemeji anakumbuka enzi za uhaba, tairi likiombwa kwa barua, na mwenye matairi manne mapya akihesabiwa kuwa bwana harusi mzuri hata kama gari lenyewe halina injini. Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema hakuna la kufanya, akaomba maji ya kunawa.

Nikaenda mwenyewe Ilala, kwenye mitumba.

Pale matairi yamepangwa kama minara, na kila mnara una kijana wake. Kijana wangu alinipokea kwa jina la "mzee wa kazi", akanivutia tairi moja jeusi, linang'aa hata ukiliangalia unajiona kidevu. Kashata zake nene. Akaingiza njiti ya kiberiti kwenye mfereji, njiti ikazama nusu, akanitazama kama mtu aliyemaliza kesi. "Hili ni la Japani, mzee. Limetembea Japani tu." Kwani Japani barabara zao ni za sufi? Nikaligusa. Kidole kikarudi cheusi, nikakinusa. Kiwi! Tairi lilikuwa limepakwa kiwi ya viatu kama askari anayejiandaa kwa gwaride.

Nikalipangusa ubavuni na leso. Chini ya ile kiwi kulikuwa na nyufa ndogo ndogo, nyembamba kama za kisigino cha mkulima, na karibu na nyufa kulikuwa na herufi DOT, msururu wa herufi nyingine, halafu tarakimu nne ndani ya kijiduara: 3713. Kijana akasema hiyo ni namba ya stoo. Si namba ya stoo. Ni cheti cha kuzaliwa. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo tairi lile lilitoka kiwandani wiki ya 37 ya mwaka 2013. Mwaka ule kitinda mimba wangu alikuwa bado hajazaliwa, na leo ananisahihisha Kiingereza. Kampuni kadhaa za matairi zenyewe zinashauri kwamba tairi likishavuka miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama kashata zimejaa, maana mpira huzeeka ukiwa umekaa tu, kama sisi. Nikamwambia kijana habari hiyo. Akanishushia bei kwa elfu ishirini.

Niliondoka. Lakini nakiri niligeuka mara moja.

Kutoka hapo nikaenda Gerezani kwenye duka la matairi mapya, la viyoyozi, ambalo muuzaji wake amevaa tai. Huyu hakuniita mzee wa kazi. Aliniuliza swali moja, "Saizi?", na mimi nikajibu kama nilivyojibu Machi, kwa kujiamini, "Kumi na tano." Akanitazama kwa huruma. Akaniuliza tena, "Kumi na tano ipi?" Nikamwambia kijana, kumi na tano ni kumi na tano, ipo baada ya kumi na nne. Akasema nenda kasome ubavu wa tairi lako la sasa, kisha urudi. Nilitoka nimekasirika. Mtu mzima, nimestaafu na cheti cha utumishi uliotukuka, natumwa nikasome tairi.

Ikabidi nirudi kwa fundi pancha wangu pale Tabata, ambako pia nilikuwa na spea ya kukomboa. Fundi huyu ana kompresa moja inayokohoa, karai la maji ya kutafutia matobo, na matairi mawili yaliyopakwa chokaa na kuandikwa PANCHA, moja likiwa limeandikwa kichwa chini. Kwa miaka mitatu nimemlipa fedha ambazo zingemsomesha mtoto chuo, na pengine zimemsomesha. Nikamwambia nataka kusoma tairi. Akapangusa mikono, akachuchumaa, akaweka kidole kwenye ubavu wa tairi la nyuma kulia, pacha wake yule marehemu wa Mikese, akanisomea kama mwalimu wa madrasa: 195/65R15 91H.

"Mia na tisini na tano ni upana, mzee, milimita. Kumi na tano ni rimu. Tisini na moja ndiyo uzito."

"Uzito wa tairi?"

"Uzito linaobeba. Tisini na moja si kilo tisini na moja, ni namba ya kwenye jedwali. Ni kilo mia sita na kumi na tano. Hili ni tairi la gari dogo. La kwendea harusini."

Kisha akavuta tairi jingine lililokuwa pembeni, la Haisi ya mteja, akanionyesha: 195R15C, na mbele yake 107/105. C ile ni ya gari la biashara. Hiyo 107 ni kilo 975 kwa tairi moja. Iliyo baada ya mkwaju, 105, ni kilo 925, kwa yale magari ambayo nyuma yanafungwa mapacha, mawili mawili kila upande. Upana ule ule, rimu ile ile. Yule muuzaji wa Machi, sitamtaja, aliniambia, "Gari lako kumi na tano, tairi kumi na tano, tatizo liko wapi, mzee wangu?" Na kwa kuwa yalikuwa nafuu kwa karibu laki moja kila tairi, nami sikuliona tatizo. Kandambili namba nane na buti namba nane zote ni namba nane. Jaribu kulimia kandambili.

Nikamuuliza fundi, kwa nini hukuniambia siku zote hizi? Hakuona haya hata kidogo.

"Hukuuliza, mzee. Wewe ulikuwa unakuja kuziba."

Hilo jibu nimelala nalo siku tatu. Ndiyo ulivyo ulimwengu wa matairi: kila mmoja anajua kipande chake na hakisemi mpaka ulipie. Pale pale nilimuuliza na hii "8PR" iliyoandikwa pembeni, nikidhani ni nyuzi nane, maana shemeji aliniapia kwamba alishawahi kulichana tairi akazihesabu. Fundi akacheka mpaka kompresa ikakohoa. Zamani, matairi yaliposukwa kwa pamba, kweli ilikuwa idadi ya matabaka. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, ndani unaweza kukuta matabaka machache kuliko hayo. Sijui shemeji alihesabu nini siku ile.

Jioni nikafungua daftari. Mimi nilikuwa mtu wa stoo miaka thelathini, hesabu hainitishi. Matairi mawili ya nyuma ya gari dogo, 615 mara mbili: kilo 1,230. Matairi mawili ya mizigo, 975 mara mbili: kilo 1,950. Hiyo ni likiwa na upepo kamili, jipya, halijazeeka wala kupakwa kiwi. Upande wa pili nikaandika mzigo. Dereva huniletea magunia kumi na mawili kila safari. Gunia moja, kwa mujibu wa sheria ya vipimo, halipaswi kuzidi kilo mia. Kumi na mawili mara mia, kilo 1,200. Gari langu limeandikwa tani moja na robo. Nikapiga mstari chini, nikajipongeza. Basi kosa lilikuwa tairi la harusini tu, nikinunua hayo ya C tabu imekwisha.

Ningeishia hapo, safu hii ingekuwa fupi. Lakini kesho yake gari lilikuja na mzigo, nikaenda sokoni Mabibo kulipokea, na kwa mara ya kwanza nikaliangalia gunia langu la viazi nikiwa na miwani.

Halikuwa gunia, lilikuwa mjamzito. Gunia lenyewe lilijaa mpaka shingoni, halafu juu ya shingo lilikuwa limejengewa kichwa cha wavu, kimeshonwa kwa kamba ya katani, kimesimama kama kilemba. Lumbesa. Neno ninalolijua maisha yangu yote, nimelisikia kwenye redio mawaziri wakilipiga marufuku, na hata siku moja halikuingia kwenye daftari langu la matairi. Jirani na soko kuna kijana ananunua vyuma chakavu, ana mizani ya kusimamisha chini. Nikawalipa wabebaji wawili elfu mbili mbili, wakaliangusha gunia juu ya mizani ile. Sindano ilikwenda, ikapita mia, ikapita mia na ishirini, ikasimama kwenye 138. Kijana wa vyuma akapiga mluzi.

Kumi na mawili mara 138 ni 1,656.

Na bado. Mlango wa pembeni ulipofunguliwa, wakashuka akina mama wawili na vikapu vyao, kijana aliyejitambulisha kama utingo ingawa sijawahi kumwajiri, na jogoo. Dereva alikuwa anakagua tairi la mbele kwa makini makubwa, ambalo hakuna aliyemwambia alikague.

"Hawa ni nani?"

"Lifti, bosi. Ni watu wa kule kule."

"Wamelipa?"

"Wamechangia."

Sina haja ya kusimulia mazungumzo yaliyofuata, ila nitasema hoja yake, kwa sababu ilinikata maini. Alisema kule Mgeta hakuna anayekodi gari linalobeba gunia la kilo mia. Mnunuzi analipa kwa gunia, si kwa kilo, na msafirishaji naye analipwa kwa gunia. Kwa hiyo kila kilo iliyo ndani ya kile kilemba mnunuzi anaipata bure kwa mkulima, na usafiri wake anaupata bure kwangu. Mizani ya barabarani pale Vigwaza inahangaika na malori. Haisi inapita pembeni inapiga honi ya salamu. Kumbe kila safari nilikuwa nabeba kilo mia nne na zaidi za mtu mwingine, kwa dizeli yangu, juu ya matairi ya kwendea harusini, halafu nazunguka mjini nauliza kwa nini matairi ya siku hizi hayadumu.

Nikafanya hesabu upya. Gari tupu tayari linakalia matairi ya nyuma kwa mamia ya kilo, na mzigo wa Haisi unakaa zaidi nyuma. Ukiweka tani moja na nusu na ushei, jogoo kando, hata yale ya 975 yanaanza kutokwa na jasho. Sizungumzii yangu ya 615. Miezi minne, kumbe, yalijitahidi. Kama tairi lile la Mikese lingepatikana ningelizika kwa heshima.

Nikajua pia kwa nini lilibanduka vile. Tairi haliuawi na mwiba, mwiba unaliumiza tu, fundi anaziba. Kinachoua ni joto. Tairi lililozidiwa mzigo au lililopungukiwa upepo hubonyea chini kila linapozunguka, ubavu unajikunja na kujikunjua, kama unavyokunja waya mpaka ukatike, na kule ndani linapata moto kiasi kwamba matabaka yanaachana. Ndiyo maana linangoja usiku, lami ya moto ya mchana imeshafanya kazi yake, uko Mikese, mtandao wa simu una kijiti kimoja.

Upepo nao ni hadithi. Nilipomuuliza dereva anajaza upepo kiasi gani, alijibu, "Wa kutosha." Fundi pancha hupima kwa kugonga na spana na kusikiliza, kama daktari wa mifugo. Hapo sikuweza kumlaumu sana, kwa kuwa tairi la upepo lenyewe lililoingia sokoni lilitoka kwa daktari wa mifugo: John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa akitibu wanyama Belfast, alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe na kuliandikisha mwaka 1888. Charles Goodyear naye, Mmarekani aliyegundua namna ya kuupika mpira kwa salfa usiyeyuke kwa joto, alikufa mwaka 1860 akiwa anadaiwa. Ile kampuni kubwa yenye jina lake ilianzishwa miaka karibu arobaini baadaye, wala haikuwa ya familia yake. Nilivyosoma hayo nilijisikia kama nimepata ndugu.

Nikaambiwa kiasi sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Nikafungua mlango. Fundi aliyenyoosha bodi alikuwa amepulizia rangi kila kitu mpaka kibandiko. Nikakwangua kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayekwangua vocha ya bahati nasibu, na chini yake kikatokea Kijapani. Mistari minne ya Kijapani na namba moja ninayoijua: 350. Fundi pancha akachungulia, macho yakamtoka. "Mia tatu na hamsini? Mzee, hiyo ni bomu." Akaanza kurudi nyuma. Ilituchukua nusu saa na simu ya kitinda mimba wangu kujua kwamba Wajapani wanaandika kwa kilopaskali, na kwamba 350 yao ni kama 51 ya geji yetu. Tukapima tairi la nyuma kulia. Lilikuwa na 34.

Kuna kituo kimoja cha mafuta walitaka kuniuzia upepo wa nitrojeni, elfu tano kila tairi, wakasema haupotei. Hewa hii tunayovuta bure ina nitrojeni asilimia 78 tayari. Nikawaambia niuzieni hiyo 22 iliyobaki. Hawakucheka.

Basi nilirudi kwa yule kijana wa tai kule Gerezani, safari hii nimeandika kwenye karatasi kama mtu aliyetumwa na mke wake duka la dawa: 195R15C, 107/105, nane PR, mistari ya lami na si kashata za matope, ya mwaka jana au mwaka huu. Akanipa kiti. Kumbe heshima yote ilikuwa kwenye herufi C. Akaniletea ya aina tatu, kutoka nchi tatu, na tofauti ya bei kati ya ya chini na ya juu ilikuwa karibu mara mbili. Nikamuuliza lipi la kudumu. Akaniuliza nabeba nini. Nikamwambia viazi. Akasema, "Gunia au lumbesa?" Kijana ana umri wa miaka kama ishirini na mitano. Angeniuliza hivyo yule wa Machi, leo ningekuwa na fedha nilizompa fundi wa springi.

Nilichukua ya bei ya kati, manne, hayana hata miezi sita tangu kiwandani. Lililotuchelewesha ni mahali pa kuyafunga, maana nilikuwa nimeshafika na fedha za mawili kwanza, mengine mwisho wa mwezi. Dereva akasema mapya yakae mbele kwenye usukani. Shemeji kwenye simu akasema mbele. Kijana wa tai akasema nyuma: nyuma likiteleza kwenye mvua hakuna usukani utakaolirudisha, na nyuma ndiko kuliko na viazi. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kuogopa kauli ya wengi. Nikafunga nyuma, kisha nikakopa kwa mke wangu nikafunga na mbele siku hiyo hiyo. Riba yake siitaji hapa.

Dereva nimemnunulia geji ya upepo, ya kuning'iniza kwenye ufunguo. Kila asubuhi kabla tairi halijapata moto anipigie picha ya geji na anitumie. Wiki ya kwanza alinitumia picha ile ile siku nne. Nilimjua kwa sababu kwenye pembe ya picha palikuwa na yule jogoo, na jogoo tulishamla Jumanne.

Mapato yamepungua, nisiseme uongo. Wateja wawili wamenihama kwa mwenye Haisi mwingine anayebeba vilemba. Nilikutana nalo gari lake Jumapili pale Ubungo, nyuma limechuchumaa, pua imeangalia mawinguni kama mtu anayetoka damu puani, na tairi la nyuma kushoto limebonyea. Nilisoma ubavu wake tukiwa kwenye foleni: 91.

Nilishusha kioo nikamwambia. Akanijibu, "Kumi na tano ni kumi na tano, mzee wangu."

Spea yangu nimeikomboa. Deni lilikuwa limefika elfu ishirini na mbili, kwa sababu fundi alihesabu na ulinzi. Kwa wenye mizigo ya Mgeta na Morogoro, gari lipo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, matairi mapya, upepo 51. Gunia la kilo mia napakia. Lenye kilemba litafutieni Fuso.